Gemu linakwama kwenye PC ya ofisi iliyotumika? Kagua haya kabla hujanunua kadi (uzi maalumu)

#1 Fundi Mnara (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Haipiti wiki bila uzi wa namna ileile humu: "Nina Dell i5, nataka kucheza GTA V, ninunue kadi gani?" Wadau wanamtajia kadi (ya grafiki, ile inayochora picha za gemu), jamaa anajibana ananunua, kisha anarudi na malalamiko kwamba gemu bado linakwama. Nimeona tukusanye mambo sehemu moja ili akija mwingine tumwelekeze hapa.

Nazungumzia mashine ambazo wengi wetu tunazo: OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Zimetumika maofisini Ulaya, zikapakiwa kwenye kontena, tukazikuta Kariakoo. Nyingi ni Intel kizazi cha 6 hadi cha 8. Ni mashine ngumu, sizisemi vibaya. Ila zilipangwa kwa ajili ya karani wa Excel, na muuzaji akishaziwekea feni ya taa anaziita "za gemu".

Msimamo wangu: usitoe shilingi kabla hujajua ni kipuri gani kinachelewesha wenzake. Kadi nzuri kwenye mashine yenye RAM moja (kijiti kimoja tu cha kumbukumbu) na prosesa inayochemka itakaa inasubiri tu.

Kumjua mchelewaji si kazi ngumu. Pakua MSI Afterburner, ni ya bure, na inakuja na RivaTuner inayoandika namba pembeni mwa skrini unapocheza. Washa asilimia ya kazi ya kadi, asilimia ya kila kiini cha prosesa, halijoto na kasi ya prosesa. Kisha cheza kawaida. Kadi ikiwa 95 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho wake. Ikiwa inazurura kwenye 60 na gemu linakwama, tatizo liko kwa prosesa au RAM. Ukitaka kuhakikisha, shusha resolusheni kutoka 1080 hadi 720. Fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zikipanda sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, hata ukiazima kadi ya milioni mbili hutaona tofauti.

Tahadhari kidogo: usiangalie asilimia ya jumla ya prosesa. Gemu nyingi hulemea kiini kimoja au viwili, kwa hiyo unaweza kuona jumla 60 wakati kiini kimoja kimegota 100. Ndiyo maana nimesema washa kila kiini.

Sasa RAM. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa pesa ndogo. Fungua Task Manager, ingia Performance, bofya Memory. Chini kulia kuna kasi na idadi ya nafasi zilizotumika. Ukiona "1 of 4", ujue mashine inasoma RAM kwa njia moja tu, na mashine nyingi za ofisi ndivyo zinavyokuja, RAM moja ya GB 8 basi. Prosesa hizi zina njia mbili, kila moja ya biti 64, yaani baiti nane kwa mkupuo. DDR4 ya 2133 ikiwa peke yake inapitisha takribani GB 17 kwa sekunde. Ukiweka ya pili kwenye nafasi sahihi, zinakuwa 34, na hujagusa kitu kingine chochote.

Mtu asiye na kadi, anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa, hizo GB 17 anagawana na Windows na kila kitu kinachoendelea. Linganisha na GTX 1050 Ti, kadi ndogo ya mwaka 2016, yenye GB 112 kwa sekunde za peke yake. Kwa hiyo ukiwa huna kadi, RAM ya pili ndiyo kadi yako. Hata mwenye kadi hanyimwi: wastani wa fremu unaweza usipande sana, ila ule mkwamo wa ghafla unapokata kona kwa kasi katikati ya mji kwenye GTA unapungua.

Nafasi zinazingatiwa. Madabodi nyingi za kawaida zenye nafasi nne, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Kwenye OptiPlex tazama klipu, zile nyeupe ndizo jozi ya kwanza. Ukimaliza fungua CPU-Z, programu ya kukagua prosesa na RAM, ukurasa wa Memory, uone imeandika Dual, au 2 x 64-bit kwenye matoleo mapya. Na kama una 8 na umepata 4, weka tu. Intel inaoanisha 4 kwa 4 na ile ziada ya 4 inabaki njia moja. Si sawa na 8 kwa 8 lakini ni bora kuliko kukaa na moja.

Joto. Mashine ya mwaka 2016 ambayo haijawahi kufunguliwa, ukivua hitisinki (chuma chenye mapezi kinachopoza prosesa) unaikuta pesti ya kupitishia joto imekuwa ya kijivu, inapukutika ukiikwangua kwa ukucha, na katikati ya mapezi vumbi limegandamana mpaka ukiielekeza kwenye taa mwanga haupiti. Prosesa za Intel za aina hii zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Utaliona kwenye RivaTuner: dakika tano za kwanza gemu tamu, kisha kasi inashuka na fremu nazo zinashuka. Futa pesti ya zamani kwa isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, puliza vumbi ukiwa nje ya nyumba. Unapopuliza kwa blowa shikilia feni isizunguke, maana blowa inaizungusha kuliko ilivyoumbiwa na beringi zinakwisha.

BIOS, yaani setingi za mashine kabla Windows haijawaka. Dell bonyeza F2 inapowaka, HP ni F10, ThinkCentre ni F1. Kwenye OptiPlex kuna ukurasa unaitwa Performance. Hakikisha TurboBoost, inayoipandisha prosesa kasi ikihitajika, imewashwa na Multi Core Support iko All. Baadhi ya ofisi zilikuwa zikizima Turbo kupunguza joto na umeme, na mashine inakuja hivyohivyo hadi kwako. i5-6500 bila Turbo inagota 3.2 GHz badala ya kufika 3.6. Upande wa Windows, weka mpango wa umeme kwenye High performance unapocheza.

La mwisho ni la aibu lakini nalikuta kila mara kwa wateja: kadi imefungwa vizuri, halafu kebo ya monita imechomekwa kwenye tundu la madabodi. Kebo ichomekwe kwenye kadi yenyewe, yale matundu ya chini yaliyolala.

Nawasilisha. Wenye nyongeza karibuni, wabishi pia.

#2 Mjomba wa Nyamagana

Uzi umekuja wakati wake. Mimi ni huyohuyo uliyemsema, OptiPlex i5-6500, RAM moja GB 8, sina kadi. Nimekagua, imeandika 1 of 4 kweli. Sasa hapa Mwanza kuna duka lina DDR4 ya 3200, jamaa ananiambia hiyo ndiyo ya gemu, ya 2133 imepitwa na wakati. Bei imechangamka. Niichukue?

#3 Fundi Mnara

Usiichukue kwa bei hiyo, mkuu. i5-6500 kwenye madabodi ya ofisi inaendesha DDR4 kwa 2133, mwisho wa habari. Ile 3200 itawaka, itafanya kazi, ila itatembea 2133 kama wenzake. Kwa kizazi hicho ni madabodi za daraja la Z pekee zilizoruhusu kwenda juu zaidi.

Tafuta GB 8 nyingine iliyotumika, 2133 au 2400. Na kabla hujalipa, thibitisha yako ni DDR4 kweli. i5-6500 inakubali pia DDR3L na kuna mashine za kizazi hicho zilizotoka na DDR3L. Mkato mdogo ulio kwenye meno ya RAM hauko mahali pamoja, hazichomekani kabisa.

#4 Binti wa Forodhani

Assalaam alaykum nyote. Kaka Fundi, mimi yangu si ya ofisi, nimejengewa. Ryzen 5 5600G, sina kadi, RAM mbili za GB 8, boksi limeandikwa 3200. Kwenye Task Manager naona 2400. Ndo nimetapeliwa?

#5 Fundi Mnara

Wa alaykum salaam dada. Hujatapeliwa. RAM ikifungwa mara ya kwanza hutembea kwa kasi ya tahadhari ambayo kila madabodi inaikubali. Hiyo 3200 imehifadhiwa ndani ya RAM kama mpangilio unaoitwa XMP, na ni wewe unatakiwa kuuwasha. Ingia BIOS, madabodi nyingi ni kitufe cha Delete, tafuta XMP, DOCP au A-XMP kutegemea kampuni iliyotengeneza bodi, washa, hifadhi, toka. Voltiji ya RAM itapanda kutoka 1.2 hadi 1.35 kwa RAM nyingi za namna hiyo, usishtuke, ndivyo zilivyotengenezwa.

Kwa 5600G hili halina mjadala. Grafiki ya ndani inakula kutoka RAM hiyohiyo, na kwenye Ryzen hata mawasiliano ya ndani ya prosesa yanafuata kasi ya RAM. Ukiwasha ikakataa kuwaka, usihangaike, baada ya majaribio kadhaa bodi nyingi hurudi zenyewe kwenye kasi ya mwanzo. Ikigoma kabisa, zima umeme, toa betri ya duara ya bodi kwa dakika chache uirudishe.

#6 Binti wa Forodhani

Imekubali, sasa yasoma 3200. Ahsante sana. Kuna kitu humo humo BIOS kinaitwa UMA Frame Buffer, kimewekwa 512M. Kaka yangu mmoja aniambia niweke 4G gemu lipae.

#7 Chuma Chakavu

Nimjibu mimi dada. Hiyo UMA ni RAM unayoitengea grafiki moja kwa moja. Haiongezi kasi. Hata ikiwa 512 grafiki huazima zaidi ikihitaji. Faida yake ni kwa gemu zinazokagua ukubwa wa kumbukumbu ya kadi kabla ya kukubali kufunguka, au zinazojipunguzia ubora wa picha kwa sababu zimeona 512. Kwa GB 16 weka 2G, itatosha. Ukiweka 4G umejinyang'anya RAM ya Windows bure.

Na siku ukitaka kubadili pesti kwenye Ryzen hiyo, washa mashine ipate joto kwanza, kisha vua hitisinki kwa kuizungusha taratibu kushoto kulia. Ukiivuta juu ghafla ikiwa baridi, prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. AM4 pini ziko kwenye prosesa.

#8 Kamau wa Umoja

Wadau salama? Naongezea upande wa laptopu manake huku Nairobi wengi hawana hizo desktopu. Nina Dell yenye kadi ya NVIDIA ndani. Ilikuwa ikicheza vizuri, chaja ikakufa, nikanunua nyingine ya bei rahisi pale mjini. Kutoka siku hiyo kila gemu ni slaidi za picha. Nimebadilisha pesti, nimepiga Windows upya, wapi. Mchelewaji wangu ni nani hapo?

#9 Chuma Chakavu

Kamau, tazama kasi ya prosesa wakati unacheza. Naweka dau iko 0.8 GHz na haitoki hapo.

#10 Kamau wa Umoja

Haki ya nani! 0.79 GHz. Umejuaje?

#11 Chuma Chakavu

Chaja za Dell zenye ncha ya duara zina sindano nyembamba katikati. Hiyo haipitishi umeme wa kuchajia, inapitisha taarifa tu: inaiambia laptopu mimi ni chaja ya wati ngapi. Taarifa isiposomeka, laptopu inajilinda, haichaji betri na inaibana prosesa. Washa huku unabonyeza F2, BIOS ina sehemu inayoonyesha aina ya adapta. Ikiwa imeandika Unknown, umepata jibu. Wakati mwingine pia inatoa onyo inapowaka, watu wanabonyeza tu kuendelea bila kusoma.

Jaribu kuazima chaja halisi yenye wati zinazolingana na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ikitambulika, mchawi ni chaja. Isipotambulika, tundu la kuchajia ndilo limekatika waya wa taarifa, hilo fundi analibadilisha.

Ukishapona hapo, ingia Settings, Display, Graphics, liongeze gemu lako na ulichagulie High performance. Laptopu zenye grafiki mbili wakati mwingine hulipeleka gemu kwenye ile dhaifu. Na usicheze kwa betri. Betri haiwezi kutoa wati ambazo kadi inataka, kwa hiyo mashine inajibana hata kama imejaa.

#12 Prosesa Kali

Mnawazungusha watu na mabisibisi. Kuna njia rahisi, mimi natumia miaka: andika msconfig, ingia Boot, Advanced options, weka alama kwenye Number of processors uchague namba ya mwisho. Windows kwa kawaida inatumia kiini kimoja, hapo unaifungulia vyote. Halafu kwenye Virtual memory weka GB 32, umepata RAM ya bure. Kisha zima Memory integrity. Fremu zinaruka juu hapohapo.

#13 Fundi Mnara

Karibu mkuu, ila hapa tutabishana.

Hiyo ya msconfig ni uzushi unaozunguka YouTube tangu enzi za Windows 7. Windows inatumia viini vyote tangu inapowaka. Kile kisanduku ni cha kupunguza viini kwa wanaojaribu programu, ndiyo maana ukikiacha wazi ndipo unapata vyote. Fungua Task Manager bila kugusa chochote uhesabu viboksi vya prosesa, vipo vyote.

Virtual memory ni sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa. DDR4 moja ni GB 17 kwa sekunde, hadidiski ya kuzunguka ni MB 100 na kitu, tena hiyo ni kwa kusoma mfululizo. Gemu likianza kutegemea hiyo ndipo linapoganda sekunde nzima. Iache Windows iipange yenyewe. Kuizima kabisa nako si vizuri, kuna gemu zinaanguka.

Memory integrity hapo una hoja. Kwenye Windows 11 inakula utendaji kiasi fulani, na prosesa za zamani ndizo zinazoumia zaidi. Lakini ni kinga dhidi ya programu hasidi zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Mtu anayepakua gemu zilizovunjwa kutoka kila pembe ya mtandao, halafu anafanya miamala ya benki kwenye mashine hiyohiyo, mimi siwezi kumshauri aizime.

#14 Prosesa Kali

Mimi kwangu imefanya kazi, wewe baki na nadharia zako.

#15 Fundi Mnara

Sawa, mkuu. Weka picha ya RivaTuner kabla na baada, sehemu ileile ya gemu, tutazame wote. Uzi uko wazi.

#16 Paka wa Mabibo

Wakati tunasubiri picha za Prosesa Kali, tuongelee kadi basi maana kuna siku zitanunuliwa tu. Nina OptiPlex ile ya mnara, pawa saplai wati 240. Nimejipima kwa njia ya mleta uzi, RAM ni mbili, joto liko sawa, nina 1050 Ti ya kuazima nayo iko 99 muda wote. Kwa hiyo mimi kadi ndiyo haki yangu. Naona GTX 1650, RX 6400 na Intel Arc A380. Ipi?

#17 Chuma Chakavu

Kwa mashine hiyo 1650 bila kufikiria sana, ila hakikisha ni ile isiyo na tundu la waya wa umeme juu. Nafasi ya PCIe, yaani tundu la kadi kwenye madabodi, inatoa wati 75 na 1650 ya kawaida inaishia hapohapo. Kuna 1650 nyingine zina tundu la pini 6 na pawa saplai yako haina waya huo. Usidhani utabadili pawa saplai kirahisi, hizo OptiPlex hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, utaingia kwenye adapta na kutoboa bati.

RX 6400 haili umeme, wati 53 tu, inavutia. Tatizo lake imefungwa kwa njia nne za PCIe badala ya 16. Kwenye madabodi za PCIe 4.0 hilo halionekani sana. Yako ni 3.0, bomba linakuwa nusu, na kumbukumbu yake ya GB 4 ikijaa inaanza kupitisha picha kwenye bomba hilo. Pia haina kisimbaji cha video, ukitaka kurekodi gemu mzigo wote unaangukia prosesa.

Arc achana nayo kwenye kizazi cha 6. Inategemea kitu kinaitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuona kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo. Intel wenyewe wanataka kizazi cha 10 kwenda juu. Bila hicho inapoteza nguvu nyingi sana.

Na kwa wanaotaka kununua 1050 Ti sasa: NVIDIA wamesitisha draiva mpya za gemu kwa familia ya GTX 900 na 1000 mwezi Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu hadi 2028. Itaendelea kucheza gemu za zamani bila shida, ila bei ishushwe. 1650 ni familia inayofuata, bado inapata.

Mwisho, kadi feki. Zipo nyingi. Inaandikwa GTX 1050 Ti kwenye boksi na hata Windows inaitaja hivyo, kumbe ndani ni chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishiwa BIOS. Usilipe kabla hujafungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, dukani. Tangu 2018 programu hiyo inaandika FAKE mbele ya jina ikiikamata. 1050 Ti halisi ina shada (shaders, viini vidogo vya kuchora picha) 768. Na ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kadi inayojiita ya familia ya 1000, tilia shaka papo hapo, chipu zile zilishaacha kutoa VGA.

#18 Paka wa Mabibo

Nimekuelewa. Kwenye GPU-Z hiyohiyo naona hii ya kuazima imeandika x16 3.0 @ x4 1.1. Ndiyo nini?

#19 Chuma Chakavu

Mambo mawili hapo. Hiyo 1.1 isikutishe, kadi ikiwa haina kazi inajishusha. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni yake, anzisha jaribio, itapanda hadi 3.0. Ila ikibaki x4 hata jaribio likiendelea, umeichomeka nafasi isiyo yake. Mnara huo una nafasi mbili ndefu zinazofanana, moja ina njia 16 na nyingine ndani ina 4. Hamisha kadi, kisha jipime upya kabla hujanunua chochote.

#20 Mama Kompyuta

Umeme jamani, mbona hamuusemi? Nina kibanda cha gemu, watoto wanacheza FC na PES. Mashine ikijizima katikati ya mechi wanasema kadi imekufa. Si kadi, umeme umeshuka sekunde moja. Wekeni UPS, na msome wati, msisome VA. UPS nyingi za VA 650 zinabeba chini ya wati 400. Mashine mbili na monita zake kwenye moja, umeme ukiyumba zote chali.

Kingine, pawa saplai za bei chee zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Huku kwetu ni 230. Kuna mtoto aliigusa kwa ukucha mashine ikiwa imezimwa, tulipowasha ilitoa mlio ukumbi mzima ukanyamaza. Ibandikeni gundi.

#21 Mjomba wa Nyamagana

Wakuu nimerudi. Nimepata GB 8 iliyotumika, 2400, CPU-Z inasema Dual. Sina kadi bado. GTA V, 720, setingi za chini: kabla ilikuwa ishirini na kitu ikijitahidi thelathini, sasa inacheza kwenye arobaini hadi hamsini. Pesti pia nimebadili na joto limeshuka vizuri.

Shida moja imebaki. Nikiwasha VSync inaganda 30, nikiizima picha inakatika katikati kama imepasuliwa. Na mjini bado inashuka.

#22 Fundi Mnara

Safi sana. Hiyo ya kuganda 30 ina sababu. Monita yako ni 60 Hz, inapokea picha kila milisekunde 16.7. VSync ya kawaida inailazimisha fremu isubiri zamu. Ukizalisha 45, kila fremu inachelewa kidogo, inakosa zamu yake na kungoja inayofuata, basi unapata nusu, 30. Una njia mbili. Ya kwanza, zima VSync ya gemu, fungua RivaTuner, weka kikomo cha 30 kwa makusudi. Itakuwa laini kuliko arobaini zinazopanda na kushuka, kwa sababu kila fremu inakaa muda uleule. Ya pili, kama unapenda wepesi wa mkono, acha wazi uvumilie kupasuka.

Mjini ni prosesa. Kwenye setingi shusha Population Density, hiyo ni idadi ya watu na magari, prosesa ndiyo inayowabeba. Extended Distance Scaling iwe sifuri. Hizo mbili usizitafutie dawa kwenye resolusheni. MSAA izime kabisa, na Grass Quality ibaki Normal, majani yanakula grafiki sana ukitoka mjini kwenda milimani.

Siku ukipata 1650, tafuta na monita yenye FreeSync, uichomeke kwa kebo ya DisplayPort. NVIDIA walifungua hilo Januari 2019 kwa kadi za familia ya 1000 na kuendelea. Monita inasubiri fremu badala ya fremu kusubiri monita, VSync utaisahau.

#23 Mjomba wa Nyamagana

Nimeweka kikomo cha 30 na watu nimewapunguza nusu. Imetulia. Hiyo DisplayPort, monita yangu ina HDMI na VGA tu, kuna adapta?

#24 Fundi Mnara

Adapta ya kuingia HDMI ipo na picha utaipata, ila FreeSync usiitegemee kupita humo. Baki na hiyo monita kwa sasa, weka pesa kwenye kadi kwanza.